Kufunga na Kutunza Mikisa ya Tangi la Kiwandani: Mwongozo Kamili

Mikisa ya tangi, yaani mashine ya kuchanganyia vimiminika, ikianza kupiga kelele, jicho la kwanza huenda kwenye giaboksi, sanduku la meno linalopunguza kasi ya mota. Giaboksi hufunguliwa, beringi hubadilishwa, mashine hurudishwa kazini, na baada ya miezi michache kelele hurejea pale pale. Mara nyingi chanzo hakimo ndani ya giaboksi hata kidogo. Kimo kwenye kiti ambacho mashine imekalia, au kwenye shafti ndefu inayoning'inia chini yake, na beringi zilizokufa zilikuwa zikilipa deni la kazi ya ufungaji iliyofanywa kwa haraka. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye kiti na shafti, na nafasi ndogo kwenye mambo ambayo kitabu cha mtengenezaji huyaeleza vizuri.

Mfano tutakaoufuata ni tangi la wima la kutengenezea sabuni ya maji, kazi ambayo viwanda vingi vidogo na vya kati vya Tanzania na Kenya vinaifanya. Tangi ni la stenlesi, lina kipenyo cha mita 1.8, na kimiminika kikifika kina cha mita 2 ujazo wake huwa zaidi kidogo ya lita 5,000. Mikisa inafungwa juu, katikati ya tangi: mota ya umeme, giaboksi ya kupunguza kasi, shafti na mapanga manne yaliyolazwa kwa nyuzi 45. Anayechanganya rangi, juisi au dawa za kusafishia maji ataona kwamba kanuni ni zilezile, ingawa vipimo vitabadilika.

Vipimo vya kuhakiki kabla ya kununua au kuchonga chochote

Kipenyo cha mapanga kwa kawaida huwa karibu theluthi moja ya kipenyo cha tangi. Katika mfano wetu hiyo ni sentimita 60. Mapanga hukaa juu ya sakafu ya tangi kwa umbali unaokaribia kipenyo chao wenyewe, nao pia ni takribani sentimita 60. Kama kina cha kimiminika kinazidi kipenyo cha tangi kwa kiasi kikubwa, au kama bidhaa ni nzito sana, seti moja ya mapanga haitoshi na ya pili huongezwa juu yake kwenye shafti ileile.

Tangi la duara lisilo na kitu chochote ukutani lina tatizo ambalo wengi hulitambua baada ya kuwasha. Kimiminika chepesi huzunguka pamoja na mapanga, katikati hutokea shimo la kuzama, hewa hunyonywa ndani, na kwa sabuni hiyo maana yake ni povu linalojaa hadi kwenye mfuniko. Dawa yake ni mabapa manne ya wima yaliyofungwa ukutani kwa nafasi sawa, kila moja likiwa na upana wa kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya kumi na mbili ya kipenyo cha tangi. Kwa tangi letu ni sentimita 15 hadi 18. Mabapa hayo yasigandamane na ukuta. Acha mwanya wa takribani sentimita 3 ili bidhaa isijikusanye nyuma yake na kuoza. Bidhaa inayobaki nzito muda wote huhitaji mabapa membamba zaidi, au haiyahitaji kabisa. Hata hivyo sabuni ya maji huanza kama maji matupu na huwa nzito mwishoni, kwa hiyo mabapa yanahitajika.

Nguvu ya mota ndiyo inayowapoteza watu wengi. Nguvu inayomezwa na mapanga hupanda kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, na kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tano. Mapanga yetu ya sentimita 60, yakizunguka mara 100 kwa dakika ndani ya maji, humeza takribani nusu kilowati. Pandisha kasi hadi mizunguko 120 tu, na hitaji linafika karibu wati 800, yaani ongezeko la asilimia 73 kwa kasi iliyopanda asilimia 20. Urefushaji wa mapanga kwa asilimia 10 pekee huongeza mzigo kwa asilimia 60. Mtu anayeagiza mapanga makubwa zaidi kwa fundi wa kuchomelea ili sabuni ichanganyike haraka anapaswa kufanya hesabu hii kwanza, kwa sababu mota, giaboksi na shafti vilichaguliwa kwa ajili ya mapanga ya awali.

Kwa mfano wetu, mota ya kilowati 1.5 yenye kasi ya takribani mizunguko 1,440 kwa dakika, ikiunganishwa na giaboksi inayopunguza kasi mara 14 hivi, inatosha na kubakiza akiba. Akiba hiyo si anasa. Ungarol, malighafi ya sabuni inayotoa povu, ikishayeyuka na chumvi ikaanza kuifanya sabuni iwe nzito, mzigo huongezeka sana kuliko ulivyokuwa kwenye maji, na mashine iliyopimwa kwa maji peke yake huanza kuzidiwa siku ya bidhaa halisi.

Kiti cha mashine

Mikisa haikandamizi kiti chake kwa uzito pekee. Kimiminika hakiyasukumi mapanga yote kwa nguvu sawa kila sekunde, hivyo ncha ya chini ya shafti husukumwa huku na huko, na msukumo huo, ukichukuliwa na shafti yenye urefu wa mita 2, hufika juu ukiwa nguvu kubwa ya kupinda. Kiti chepesi hunesa. Kikinesa, mota na giaboksi huyumba pamoja nacho, bolti hulegea, sili (kizuia uvujaji kinachozunguka shafti) hupanuka upande mmoja, na nyufa huanzia kwenye mishono ya kuchomelea.

Usifunge mikisa kwenye mfuniko wa bati la tangi bila kuuimarisha. Njia iliyo salama ni chaneli mbili za chuma zinazovuka mdomo wa tangi, zikiunganishwa kwa vipande vya kukatiza, na bamba nene la kufungia mashine likichomelewa katikati yake. Ncha za chaneli zikae juu ya pete imara ya mdomo wa tangi ikiwa ukuta ni mnene wa kutosha, la sivyo zibebwe na nguzo zake zenyewe hadi sakafuni. Kwa tangi la plastiki hakuna mjadala: mashine lazima ibebwe na fremu ya chuma inayojitegemea, iliyofungwa kwenye zege, na plastiki isiguswe na mzigo hata kidogo.

Kabla ya kupandisha mashine, kijaribu kiti. Funga geji ya saa, yaani kipimo cha mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita, kwenye kitu kisichogusana na kiti, elekeza ncha yake kwenye bamba, kisha kisukume na kukivuta kiti kwa nguvu za mikono kila upande. Mshale ukitembea waziwazi kwa nguvu za mtu mmoja, mashine itakitikisa zaidi, na huu ndio wakati wa kuongeza vikazio vya mshazari.

Baada ya hapo pima usawa wa bamba kwa pimamaji nzuri, kwa pande mbili zinazokatana. Tofauti isizidi nusu milimita kwa kila mita. Kama bamba limepinda kutokana na joto la kuchomelea, lisawazishwe kwa mashine au liwekewe shimu (vipande vyembamba vya kujazia) za chuma mahali penye mwanya. Kosa linalofanywa mara kwa mara ni kukaza bolti hadi mwanya ufungike. Bolti hazinyooshi bamba. Hupinda mguu wa giaboksi, na giaboksi iliyopindwa huanza kuharibu meno yake tangu siku ya kwanza.

Kuingia ndani ya tangi

Kufunga mabapa, mapanga na wakati mwingine shafti kunamlazimu mtu kuingia ndani. Hapa ndipo watu hufa, na hufa wawili wawili, kwa kuwa wa pili huruka ndani kumwokoa wa kwanza. Tangi lililobeba kitu kinachochacha linaweza kujaa kabonidayoksaidi. Tangi la rangi hubaki na mvuke wa kiyeyushio. Tangi la stenlesi lililochomelewa kwa gesi ya agoni linaweza kukosa oksijeni ingawa halina harufu yoyote. Pima hewa kwa kifaa kabla ya kuingia na muda wote wa kazi; oksijeni isipungue asilimia 19.5 wala isizidi 23.5. Puliza hewa safi kwa feni, mvishe anayeingia mkanda wa kuvutia uliofungwa kamba, na mweke mtu mlangoni ambaye hana kazi nyingine isipokuwa kumwangalia aliye ndani na kuita msaada. Huyo wa mlangoni haruhusiwi kuingia.

Umeme wa mikisa ukatwe kwenye swichi kuu ya mashine, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ukae mfukoni mwa mtu aliye ndani ya tangi. Kuondoa fyuzi au kuandika kibao cha onyo pekee hakutoshi, kwa sababu mtu wa zamu inayofuata anaweza kurudisha umeme bila kujua. Mabomba yanayoingiza kemikali au mvuke nayo yafungwe kwa namna hiyohiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania, na ile ya mwaka 2007 nchini Kenya, zote zinamwekea mwajiri wajibu wa kulinda uhai wa anayefanya kazi hii, awe mwajiriwa wa kudumu au fundi wa siku moja.

Kupandisha mashine na kufunga shafti

Tumia winchi ya mnyororo au kreni yenye uwezo unaozidi uzito wote wa mashine. Angalia pete ya kunyanyulia iliyo juu ya mota: hiyo imewekwa kwa ajili ya kunyanyua mota yenyewe, wala haikukusudiwa kubeba giaboksi na shafti pamoja. Pitisha mikanda kwenye sehemu za kunyanyulia za giaboksi, halafu tumia pete ya mota kusawazisha tu. Shafti usiiache ibebe uzito wa mashine ikiwa imelazwa sakafuni, na usiiburute. Shafti ya stenlesi ikipinda kidogo huonekana nyoofu kwa macho, na ni geji tu itakayokuonyesha kosa baada ya kila kitu kufungwa.

Giaboksi ikiwa juu ya kiti, kaza bolti zake kwa mpangilio wa msalaba, si kwa kuzunguka, kwanza kwa nusu ya nguvu, kisha kwa nguvu kamili kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Bolti ya M12 ya daraja 8.8 hukazwa kwa takribani Nm (newton-mita) 80. Ya stenlesi hukazwa kwa nguvu ndogo zaidi, na nyuzi zake zipakwe grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ania, la sivyo nati itajikaba katikati na haitatoka mpaka ikatwe kwa grenda.

Sasa shafti. Safisha nyuso zote mbili za koplingi, yaani kiungio cha shafti na giaboksi, kwa kitambaa na kiyeyushio, uzipapase kwa ncha ya kidole, na uondoe kila kinundu kwa kipande cha jiwe laini la kunolea. Usafi huu una sababu yenye hesabu. Punje ya uchafu yenye unene wa milimita 0.05, ambayo ni sawa na unywele mmoja mwembamba, ikibanwa ukingoni mwa flenji (sahani ya koplingi inayofungwa kwa bolti) yenye kipenyo cha milimita 150, huisogeza ncha ya shafti ya mita 2 kutoka katikati kwa karibu milimita 0.7. Shafti ikizunguka, ncha hiyo huchora duara, na geji itasoma milimita 1.3. Kama kitabu cha mtengenezaji hakikutaja kipimo chake, lenga robo milimita kwa kila mita ya shafti, yaani nusu milimita kwa mfano wetu. Punje moja imeshakutoa nje ya mpaka karibu mara tatu.

Pima kwa kuifunga geji kwenye bapa la ukutani au kwenye kipande cha chuma kilichosimamishwa ndani ya tangi, ncha yake ikigusa shafti karibu na mahali pa mapanga, kisha zungusha shafti polepole kwa mkono kupitia feni ya mota. Pima pia juu kabisa, chini kidogo ya giaboksi. Kama juu pametulia na chini panacheza, kosa liko kwenye koplingi au shafti yenyewe. Legeza koplingi, izungushe nusu mzunguko, funga, upime tena. Mahali pa kosa pakihama pamoja na shafti, shafti imepinda. Pakibaki upande uleule wa koplingi ya juu, kosa liko kwenye nyuso za flenji ya giaboksi. Shafti iliyopinda irudishwe kwa mtu mwenye lathi na uzoefu wa kunyoosha, si kwa nyundo.

Ni vizuri kusema hapa kwamba shafti haifai kurefushwa kwa kuchomelewa kipande. Kila shafti inayoning'inia ina kasi yake ambayo ikifikiwa huanza kutikisika yenyewe, na kadiri shafti inavyorefuka ndivyo kasi hiyo inavyoshuka. Mashine iliyokuwa ikizunguka mbali na hatari hiyo inaweza kujikuta imeifikia kwa sababu ya sentimita 30 zilizoongezwa ili mapanga yafike chini zaidi.

Mapanga yafungwe yote kwa bolti za aina moja na urefu mmoja, na pembe ya kila panga ipimwe. Panga moja lililolazwa tofauti na mengine matatu huisukuma shafti upande mmoja kila mzunguko. Nati ziwekewe namna ya kuzizuia zisifunguke, kwa sababu bolti iliyodondoka ndani ya tangi la bidhaa itaishia kwenye pampu.

Mafuta ya giaboksi

Giaboksi ileile hujazwa kiasi tofauti cha mafuta kulingana na ilivyokaa. Ikisimama wima huku shafti ikitazama chini, huhitaji mafuta mengi zaidi kuliko ikilala, na kizibo cha kupumulia lazima kiwe juu kabisa. Soma kibao cha mashine, linganisha na picha ya mkao iliyo kwenye kitabu, kisha hamisha vizibo ipasavyo. Giaboksi nyingi husafirishwa zikiwa na kizibo kisicho na tundu. Kikisahauliwa, hewa hutanuka kwa joto, na shinikizo husukuma mafuta kupitia oili sili, ile sili inayozuia mafuta yasitoke, hadi kwenye bidhaa. Baadhi ya giaboksi za wima zina beringi ya juu ambayo mafuta hayaifikii, nayo huwekewa grisi peke yake.

Kwa giaboksi za meno ya kawaida mafuta ya ISO VG 220 hutumika sana; namba hiyo huonyesha uzito wa mafuta. Zile za skrubu na gurudumu huhitaji mazito zaidi, kama VG 460. Kibao cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Kwa vyakula na vinywaji nunua mafuta yenye alama ya H1, ambayo yameruhusiwa pale panapoweza kutokea kugusana na chakula kwa bahati mbaya.

Umeme

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati za nchi hizo. Msimamizi wa kiwanda bado anapaswa kujua mambo manne.

La kwanza ni muunganisho wa nyota au delta, njia mbili za kuunganisha koili za mota. Mota yenye kibao cha volti 230/400 huunganishwa nyota kwenye umeme wetu wa fezi tatu wa takribani volti 400. Yenye kibao cha 400/690 huunganishwa delta. Mota ya kundi la kwanza ikiunganishwa delta itaungua ndani ya muda mfupi. La pili ni ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota inapozidiwa, ambayo hupangwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, takribani 3.5 kwa mota ya kilowati 1.5, na haipandishwi ili mashine iache kukatika. Ovalodi inayokata inaeleza kwamba kuna mzigo kupita kiasi au fezi moja imepotea.

La tatu ni unyevu. Mota iliyokaa ghalani Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hunyonya unyevu wa pwani. Ipimwe kwa mega (kipima uzima wa vihami vya nyaya za ndani) ya volti 500 kabla ya kuunganishwa: ikisoma chini ya megaohm 1 isiwashwe mpaka ikaushwe, na mota nzuri husoma zaidi ya hapo kwa mbali. La nne ni waya wa ardhi, kwa mota na kwa tangi pia. Kwenye rangi na viyeyushio vinavyoshika moto, mota ya kawaida haifai kabisa. Inatakiwa ile iliyothibitishwa kwa maeneo ya mlipuko, na tangi, ndoo na mapipa vyote viunganishwe na ardhi ili umeme tuli usije ukatoa cheche.

Kibadilisha kasi ni kifaa chenye manufaa, hasa sabuni inapohitaji mwendo wa pole ili isitoe povu. Kipangiwe mpaka wa juu wa Hz 50, yaani masafa ya kawaida ya umeme wetu, na mpaka huo ufungwe kwa namba ya siri. Ile hesabu ya asilimia 73 ndiyo inayotokea mtu anapokipandisha hadi Hz 60.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

1. Zungusha mashine kwa mkono mzunguko mzima na uhakikishe hakuna panga linalokwaruza bapa, bomba wala kipima joto.
2. Hakikisha upande wa mzunguko kwa kugusa swichi mara moja na kuachia. Mapanga yaliyolazwa yanapaswa kusukuma kimiminika kuelekea chini. Upande ukiwa siyo, badilisha nyaya mbili kati ya tatu za fezi. Kama mapanga au shafti vimefungwa kwa nyuzi za skrubu, jaribio hili lifanywe kabla ya kuvifunga, maana mzunguko wa kinyume huvifungua.
3. Jaza maji hadi kina cha kazi. Usiendeshe mashine kwenye tangi tupu zaidi ya mguso huo wa kwanza: kimiminika ndicho kinachotuliza mtikisiko wa shafti, na sili ya mitambo ikizunguka kavu huungua nyuso zake.
4. Endesha kwa saa nzima, kisha pima ampea za fezi zote tatu, joto la giaboksi na mtikisiko wa kiti, na uandike.
5. Zima, funga kwa kufuli, kaza tena bolti zote za kiti na koplingi. Rudia baada ya siku ya kwanza ya kazi na baada ya wiki ya kwanza.
6. Wakati wa bidhaa ya kwanza halisi, pima ampea kila hatua: maji, ungarol, asidi ya salfoniki na soda, chumvi mwishoni. Orodha hiyo itakuwa kipimo cha kulinganishia kwa miaka yote ya mashine.

Usomaji wa ampea unahitaji uangalifu. Mota isiyo na mzigo wowote bado hunyonya ampea nyingi kwa ajili ya usumaku wake, hivyo mota ya ampea 3.5 inayosoma 2 haimaanishi kuwa inafanya kazi zaidi ya nusu. Mabadiliko kutoka kwenye orodha yako ya awali yana maana kubwa kuliko namba yenyewe.

Uendeshaji usioua mashine

Wakati mbaya kuliko wote kwa shafti ni pale uso wa kimiminika unapopita kwenye mapanga, tangi linapojazwa au kumwagwa. Panga moja likiwa ndani ya sabuni na jingine hewani, misukumo hupoteza uwiano kabisa. Weka swichi ya kina inayozima mikisa kabla kimiminika hakijashuka hadi kwenye mapanga, na isiyoruhusu kuwasha kabla hayajafunikwa vizuri. Swichi hiyo ni rahisi kuliko oili sili moja na kazi ya siku nzima ya kuibadilisha.

Vitu vya unga na chumvi viongezwe mashine ikizunguka, kidogo kidogo. Vikimwagwa kwanza vikatua chini na kuyazika mapanga, uwashaji unaofuata utavunja meno ya giaboksi au kupinda shafti. Hilo likitokea kwa sababu ya umeme kukatika katikati ya kazi, lainisha kwanza kwa kuzungusha bidhaa kwa pampu, halafu jaribu kuzungusha shafti kwa mkono.

Matunzo

Kila siku mwendeshaji asikilize, atazame kama kuna mafuta yanayotiririka kwenye shafti, na aandike ampea. Dakika tano zinatosha. Kila wiki aondoe vumbi na sabuni iliyoganda kwenye mapezi ya mota, kwa kuwa mota iliyofunikwa hushindwa kupumua na huchemka bila kuzidiwa mzigo.

Kila mwezi kagua bolti na kiwango cha mafuta. Sili ya kamba za paking, zile zinazobanwa kuzunguka shafti, isikazwe kupita kiasi, maana ikibanwa sana kamba huungua na kuchimba shafti. Beringi zinazowekewa grisi zipewe kiasi kilichoandikwa, basi. Beringi iliyoshindiliwa grisi huchemka kama iliyonyimwa.

Mafuta ya kwanza ya giaboksi hubadilishwa mapema, baada ya takribani saa 500 za kazi, ili kuondoa vumbi la chuma la meno yanapozoeana. Baada ya hapo mafuta ya kawaida hubadilishwa kila saa 2,500 au miezi sita, lolote litakalotangulia, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Yamwage yakiwa na joto na uyatazame kwenye chombo cheupe: rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia, vipande vinavyong'aa ni chuma cha meno au beringi.

Mara mbili kwa mwaka ingia ndani, kwa utaratibu ule ule wa kufuli na kupima hewa, ukague mapanga na mishono yake. Chumvi ya sabuni ni adui wa stenlesi. Aina ya 304 hutoboka vishimo vidogo pale chumvi inapokaa, hasa kwenye mishono iliyoachwa na rangi ya bluu na kahawia ya kuchomelea, na aina ya 316 huvumilia zaidi. Suuza tangi kwa maji safi kila baada ya kazi na usiache maji ya chumvi yakaukie humo. Ufa wowote kwenye kitovu cha mapanga, hata mwembamba kama uzi, ni sababu ya kusimamisha kazi siku hiyohiyo.

Mashine inapolalamika

Mtikisiko ulioanza ghafla hutokana na panga lililolegea, kupinda au kukusanya uchafu. Ulioongezeka polepole hutokana na bolti za kiti au beringi. Ampea zikipanda huku bidhaa ni ileile, angalia uzito wa bidhaa, kisha beringi, kisha volti za fezi tatu. Ampea zikishuka kuliko kawaida nazo ni habari: huenda panga limedondoka. Mafuta yakivuja kwenye shafti, kagua kizibo cha kupumulia kabla ya kulaumu oili sili, na sili mpya ikivuja ndani ya wiki chache rudi kwenye geji ya saa upime shafti, kwa maana shafti inayocheza hupanua kila sili utakayoiweka. Beringi zinazokufa tena na tena zinakurudisha kwenye kiti.

Unapokwenda dukani kununua beringi, chukua namba yote iliyochorwa pembeni mwa ile ya zamani. Katika 6205 2RS C3, tarakimu mbili za mwisho za namba ya kwanza, zikizidishwa kwa tano, hutoa kipenyo cha tundu, milimita 25. 2RS ni mifuniko ya raba pande zote mbili. C3 ni nafasi kubwa zaidi ya ndani kwa ajili ya joto. Muuzaji akikupa 6205 tupu itaingia vizuri, lakini haitakuwa beringi ile ile. Weka ghalani seti moja ya beringi, oili sili, raba ya koplingi na bolti za mapanga, na shafti ya akiba ihifadhiwe ikiwa imening'inizwa wima au imelazwa juu ya mihimili mitatu iliyosawazishwa, huku ikigeuzwa robo mzunguko kila mwezi.